Kadi za Kuchagua: Kabla ya Kulinganisha Vikundi, Linganisheni Fomu



Vikundi kadhaa vya upande wetu wa Muthara vimetuuliza swali moja, na tumeona afadhali tulijibu hapa ili kila mmoja asome. Swali lenyewe ni hili: watu wa utafiti walikuja, wakatuonyesha kadi za picha, tukachagua. Baadaye tukasikia kwamba kikundi cha kijiji jirani "kiko tayari kulipa" kutushinda sisi, na kwamba sisi hatuna haja sana na mradi. Je, ni kweli? Na walijuaje?

Hili si swali dogo. Ripoti ya namna hiyo ndiyo hukaa mezani wakati wakubwa wanaamua bomba la maji lipite wapi, kioski ya maji ijengwe wapi, na mtungi wa lita 20 uuzwe shilingi ngapi. Kikundi kikishaandikwa kwamba hakina haja, kinaweza kungoja miaka mingi huku akina mama wakiendelea kupanda mlima na mitungi mgongoni. Na kikundi kilichoandikwa kwamba kiko tayari kulipa sana kinaweza kuwekewa bei ambayo nusu ya wanachama hawaiwezi. Kwa hiyo wote wawili wanaweza kuumia.

Kwanza tuelewane kuhusu kadi

Wataalamu wanauita utafiti huu jaribio la kuchagua. Usichanganye na uchaguzi wa kupigia mtu kura. Mtafiti anafika kwako, anaweka kadi mbili mbele yako. Kadi ya kwanza inasema: bomba liko mwendo wa dakika 5, maji yanatoka siku 3 kwa wiki, utalipa shilingi 200 kwa mwezi. Ya pili inasema: bomba liko mwendo wa dakika 20, maji yanatoka kila siku, utalipa shilingi 100. Unachukua moja. Halafu anatoa nyingine mbili, na nyingine tena, pengine mara 6, pengine mara 12.

Huyu mtafiti hakuulizi moja kwa moja, "Utalipa ngapi?" Anajua ukiulizwa hivyo utataja bei ya chini kama uko sokoni, ama utataja kubwa ili kumfurahisha mgeni. Badala yake anaangalia ulichochukua na ulichoacha.

Sasa shilingi inatoka wapi? Tuseme kadi mbili zinafanana kwa kila kitu, ila moja ina bomba la karibu na bei imeongezwa. Ikiongezwa shilingi 20 tu, karibu wote watachukua bomba la karibu. Ikiongezwa 300, karibu wote wataliacha. Katikati hapo kuna mahali watu wanagawanyika nusu kwa nusu. Kama ni kwa shilingi 120, basi mtafiti anaandika kwamba kwa kikundi hiki, kusogezewa bomba kuna thamani ya shilingi 120 kwa mwezi. Kompyuta hufanya hesabu ndefu zaidi ya hiyo, lakini kiini chake ni hicho tu.

Njia yenyewe si mbaya. Watafiti akina Riccardo Scarpa, wakishirikiana na wenzao wa taasisi ya mifugo ya ILRI iliyoko Nairobi, walichapisha mwaka 2003 kazi waliyoifanya juu ya ng'ombe wa kienyeji wa Wamasai. Upande mmoja walikuwa na majibu ya kadi: ng'ombe wa namna hii kwa bei hii, au yule kwa bei ile. Upande wa pili walikuwa na mauzo ya kweli ya masoko ya mifugo. Walipolinganisha, majibu ya kadi hayakupingana na yale watu waliyoyafanya kwa pesa zao wenyewe. Kwa maoni yetu, hilo halishangazi. Mtu anayenunua ng'ombe kila wiki, ukimwonyesha ng'ombe kwenye karatasi bado anajua bei yake.

Gorogoro mbili

Shida inaanza pale vikundi viwili vinapoulizwa kwa fomu mbili tofauti, kisha majibu yanawekwa pamoja kana kwamba fomu ilikuwa moja.

Kila mama anayenunua mahindi anaijua gorogoro. Ni mkebe unaoshika kama kilo 2 hivi. Lakini sote tunajua kuna wafanyabiashara wanaobonyeza kitako cha mkebe kikaingia ndani. Nje unaona mkebe ni ule ule, kumbe ndani mahindi yamepungua. Mtu akikuambia kwamba shamba la Karama lilitoa gorogoro 300 na la Kianjai gorogoro 250, usikimbilie kusema udongo wa Karama ni mzuri zaidi. Uliza kwanza kama mkebe ulikuwa mmoja.

Fomu ya utafiti nayo ni gorogoro, na inaweza kubonyezwa mahali pengi bila mtu kuwa na nia mbaya.

Mahali pa kwanza, na kwetu ndipo pakubwa kuliko pote, ni kadi ya "nibaki nilivyo". Fomu nyingine zina kadi ya tatu inayomruhusu mtu kukataa zote mbili: sitaki hii wala ile, niendelee kuteka maji kama kawaida. Fomu nyingine hazina. Fikiria mjane ambaye hana hata shilingi 50 za kulipa kila mwezi. Akiwa na kadi ya tatu ataichukua, na itaandikwa kwamba hakuweza. Asipokuwa nayo atalazimika kuchukua moja kati ya mbili, na kompyuta itamhesabu kama mtu aliyekubali kulipa. Kijiji kile kile, siku ile ile, fomu isiyo na "nibaki nilivyo" inaweza kukitoa kikiwa tajiri kuliko kilivyo.

Isitoshe, hiyo "nibaki nilivyo" haina maana moja kila mahali. Upande wetu kuna watu waliolelewa na maji ya Tuuru, yale ambayo Bruda Giuseppe Argese wa Consolata aliyatoa katika msitu wa Nyambene. Mtu aliye karibu na laini hiyo akisema abaki alivyo, anasema abaki na bomba. Aliye kule chini kwenye joto akisema abaki alivyo, anasema abaki na punda na mto. Maneno ni yale yale, lakini hawa wawili hawajajibu jambo moja.

Mahali pa pili ni ngazi ya bei. Fomu moja ina bei za shilingi 50, 100 na 150. Nyingine ina 100, 300 na 500. Sisi tunaonunua na kuuza tunajua hii. Muuzaji wa ng'ombe akianzia shilingi 60,000, wewe hutaji 15,000, unaona aibu. Bei ya kwanza uliyoonyeshwa inakwambia bei ya kawaida ni gani. Kwa hiyo walioonyeshwa ngazi ndefu huwa wanapanda nayo.

Tena kuna fomu zinazouliza pesa kwa mwezi, nyingine kwa mtungi, na nyingine siku za kazi ya kuchimba mtaro. Kwa masikini siku ya kazi iko, pesa haiko. Ukimuuliza pesa ataonekana hataki maji. Ukimuuliza jembe atakuwa wa kwanza kufika.

Kadi zikizidi, watu wanachoka. Ya kumi na mbili mtu anachagua tu ili arudi shambani. Na kuna ile ya kuulizwa barazani, mzee wa Njuri Ncheke akiwa ameketi pale na chifu kando yake. Majibu hayawi sawa na ya mtu aliyeulizwa jikoni kwake. Hapo hatujasema kama aliyeulizwa ni baba au mama, na mnajua ni nani hubeba mtungi. Lugha pia: picha ikielezwa kwa Kimeru na kijana wa hapa, na kwingine ikisomwa kwa Kiswahili cha vitabu, wazee wataelewa vitu viwili.

Msimu na mfuko

Hata fomu ikiwa moja, tarehe inaweza kuibadilisha. Sisi wa Nyambene tunajua zaidi ya wengine. Uholanzi ilifunga mlango kwa miraa yetu mwanzoni mwa 2013, na Uingereza ikafunga tarehe 24 Juni 2014. Kikundi kilichoonyeshwa kadi mwezi Mei 2014 na kilichoonyeshwa Agosti mwaka huo hawakuwa na mfuko mmoja. Machi 2020 soko la Somalia nalo lilisimama, likafunguliwa tena Julai 2022. Ripoti inayolinganisha kijiji kilichoulizwa mwaka 2019 na kingine kilichoulizwa 2021, kisha ikasema wa pili hawathamini maji, imepima bei ya miraa ikaiita thamani ya maji.

Yaliyoonekana Busia

Pengine mtu atasema haya ni mawazo yetu tu. Hapana. Yamepimwa hapa hapa Kenya.

Katikati ya miaka ya 2000, Michael Kremer, ambaye mwaka 2019 alipata Tuzo ya Nobel ya uchumi pamoja na wenzake wawili, alifanya kazi na wenziwe kule Busia juu ya kulinda chemchemi. Kulinda maana yake ni kuijengea chemchemi saruji ili maji yatoke kwa bomba, uchafu wa juu usiingie. Walishughulikia karibu chemchemi 200, na zilizojengwa kwanza zilichaguliwa kwa bahati nasibu. Kuhara kwa watoto kulipungua kwa kama robo.

Kisha wakataka kujua watu wanaithamini kazi hiyo kwa kiasi gani, na wakapima kwa njia zaidi ya moja. Njia moja ilikuwa ya miguu: mama ana chemchemi isiyolindwa karibu na nyumbani na iliyolindwa iko mbali kidogo, anakubali kutembea umbali gani wa ziada? Ukiyageuza matembezi hayo kuwa pesa, walipata kama dola 3 za Marekani kwa kila nyumba kwa mwaka. Njia nyingine ilikuwa ya maneno, yaani kuuliza watu wangelipa nini na kuwapangisha vyanzo vya maji kwa ubora. Maneno yalitoa thamani kubwa sana kupita miguu. Watu walikuwa wale wale na chemchemi zile zile, na bado njia ya kuuliza ilitosha kubadilisha jibu. Walichapisha hayo mwaka 2011.

Tukiweka kazi hii kando ya ile ya ng'ombe wa Wamasai, tunaona jambo. Ng'ombe ana soko, chemchemi haina. Pale ambapo watu hawajazoea kununua kitu, fomu ndiyo huwafundisha bei, na hapo fomu mbili zitafundisha bei mbili.

Mwaka huo huo wa 2011 ilitoka kazi nyingine, ya Alix Peterson Zwane na wenzake, na sehemu yake ilitoka kwa nyumba za huko huko magharibi mwa Kenya. Nyumba nyingine zilitembelewa kila wiki mbili kuulizwa habari za kuhara kwa watoto, na nyingine zikaulizwa kila miezi sita. Waliogawa makundi hayo walitumia bahati nasibu, kwa hiyo watu hawakuwa tofauti. Lakini wale wa kila wiki mbili walianza kutia dawa kwenye maji zaidi, na wakataja kuhara kidogo zaidi. Kuulizwa mara kwa mara kulikuwa kama kukumbushwa. Hebu fikiria mtu angelinganisha makundi hayo mawili bila kujua ratiba. Angesema moja lina akina mama wanaojali afya na jingine halina!

Hata nchi kubwa zimesumbuka na hili. Mwaka 1989 meli ya mafuta Exxon Valdez iligonga mwamba huko Alaska, mafuta yakamwagika baharini. Ikatokea mabishano: bahari safi ina thamani ya pesa ngapi kwa watu? Serikali ya Marekani ikaita jopo la wataalamu likiongozwa na Kenneth Arrow na Robert Solow, wote wawili wa Tuzo ya Nobel. Mwaka 1993 jopo lilisema watu wasiulizwe tu "utatoa ngapi". Waulizwe kama kura, ndiyo au hapana kwa bei iliyotajwa, na wakumbushwe kwamba pesa hiyo itatoka mfukoni mwao na kuna mambo mengine inayohitajika kufanya. Yaani walikaa kutengeneza gorogoro moja kwanza, kabla ya kupima.

Alama na shilingi

Hapa tutaomba uvumilivu kidogo, maana kuna kosa moja linalofanywa hata na waliosoma.

Ripoti huwa na alama za kompyuta. Tuseme kikundi cha Juu, umbali wa bomba una alama 60. Kikundi cha Chini una alama 30. Mtu anasoma haraka anasema: wa Chini wanajali umbali nusu tu ya wa Juu. Lakini angalia alama za bei. Kwa Juu kila shilingi moja ina nusu alama. Kwa Chini kila shilingi ina robo alama. Gawa: 60 kwa nusu ni 120. Na 30 kwa robo ni 120. Vikundi vyote viwili vinathamini bomba la karibu kwa shilingi 120.

Mbona basi alama za Chini ni ndogo zote? Kwa sababu majibu yao yalitawanyika. Labda fomu yao ilikuwa na kadi 12 badala ya 6, watu wakachoka, wengine wakachagua kwa kubahatisha. Kubahatisha kunashusha kila alama, ya umbali na ya bei pia. Joseph Swait na Jordan Louviere walieleza jambo hili mwaka 1993, na tangu hapo hakuna sababu ya kulinganisha alama tupu za vikundi viwili. Linganisheni shilingi. Na hata shilingi, kumbukeni ngazi ya bei na ile kadi ya tatu.

Nusu kwa nusu

Kama mtafiti ana fomu mbili na kwa kweli anazihitaji zote mbili, kuna njia rahisi, na mnaweza kumwomba. Asipeleke fomu moja Juu na nyingine Chini. Apeleke zote mbili kila mahali, na mtu apate fomu kwa kuokota karatasi kwenye kofia.

Tazameni inavyosaidia. Huu ni mfano wa kutunga. Juu walipewa fomu ya kwanza wakatoa shilingi 150. Chini walipewa ya pili wakatoa 90. Tofauti ni 60, na hakuna mtu duniani anayeweza kusema inatoka kwa watu au kwa fomu.

Sasa tuchanganye. Juu, wenye fomu ya kwanza 150, wenye ya pili 95. Chini, wenye ya kwanza 145, wenye ya pili 90. Mmeona? Fomu peke yake inabeba shilingi 55. Kati ya watu wa Juu na wa Chini imebaki shilingi 5, na shilingi 5 katika kikundi cha watu 40 ni bahati tu ya nani alikuwa nyumbani siku hiyo. Wale waliokuwa wanasemwa hawana haja, haja yao ni ile ile.

Ingeweza pia kwenda kinyume. Juu 150 na 145, Chini 95 na 90. Hapo fomu haina kosa, na kweli Chini wana uwezo mdogo. Basi wapangiwe bei yao. Nalo ni jambo la kujua, kwa sababu bei ya Juu ingewafungia bomba.

Na kama utafiti umeshafanywa bila kuchanganya? Msitupe ripoti. Msitumie kupanga nani wa kwanza na nani wa mwisho, lakini ndani ya kikundi kimoja bado inasema mengi. Watu wa Chini waliojibu fomu moja wote, je, walipendelea maji ya kila siku kuliko bomba la karibu? Hiyo inasomeka, kwa sababu mkebe ni mmoja. Vilevile tafuteni kama kuna kadi zilizokuwa ndani ya fomu zote mbili sawasawa, bei na kila kitu. Hizo mnaweza kuzitazama pamoja bila wasiwasi mwingi, ikiwa msimu ulikuwa mmoja.

Katibu wa kila kikundi, watu wa utafiti wakija, aombe nakala moja ya fomu isiyojazwa, pamoja na seti ya kadi ama hata picha yake kwenye simu. Hawakatazi wakiombwa kwa heshima. Iwekwe kwenye faili pamoja na kumbukumbu za mkutano, na nyuma yake aandike tarehe, idadi ya kadi alizoonyeshwa kila mtu, kama kulikuwa na "nibaki nilivyo", na walioulizwa walikuwa akina nani. Siku ripoti ya kijiji jirani ikisomwa barazani, kamati ziketi pamoja, kila moja na fomu yake, mziweke kando kando juu ya meza.